Usimwite Mgonjwa Mtu Asiye na Imani kwa Sababu Amechagua Hospisi

Somo la leo ni gumu, na najua wengine watakasirika nalo. Soma hadi mwisho kwanza, kisha ukasirike ukiwa umeelewa.

Kuna mafundisho yanazunguka makanisani mwetu, kwenye mikesha na kwenye vikundi vya WhatsApp vya maombi. Daktari akimwambia mshirika kwamba saratani imesambaa na kemo haitamsaidia tena, akamwandikia barua ya kwenda hospisi, wapendwa wanaanza kupiga kelele. "Katalia hiyo ripoti!" "Hiyo ni roho ya mauti inaongea!" "Ukienda hospisi umekubali kufa, umemfunga Mungu mikono!" Mgonjwa akienda, wananong'ona kwamba imani yake imeanguka. Akikataa kwenda, wanampigia makofi na kumwita shujaa wa imani. Halafu ibada inaisha, kila mtu anaenda kwake kula na kulala, na yule shujaa anakesha akiuma shuka kwa maumivu hadi asubuhi.

Nasema wazi: hiyo si imani. Ni ukatili uliovaa joho la imani, na kila mtumishi anayeuhubiri atatoa hesabu mbele za Mungu kwa kila usiku wa kilio aliousababisha.

Naamini uponyaji. Naweka mikono juu ya wagonjwa, na nitaendelea kuiweka mpaka Bwana aniite. Kwa hivyo usiniambie kwamba nimekuwa mtu wa shaka. Ninachokataa ni kumnyima mgonjwa nafuu aliyoletewa mlangoni, kisha tunaiita hiyo injili.

HOSPISI NI NINI HASA?

Wengi wanadhani hospisi ni chumba cha nyuma ambako hospitali hutupa watu wa kufa. Sivyo. Hospisi ni huduma ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauna tiba tena, au hauwezi kudhibitiwa tena. Lengo lake ni kuondoa maumivu, kutuliza kichefuchefu, pumzi fupi na vidonda, na kumsaidia yeye na jamaa yake kubeba mzigo wa siku zilizobaki. Ni sehemu ya tiba pana ambayo wataalamu huiita tiba shufaa. Nayo si ya saratani tu. Mwenye figo zilizoshindwa, mwenye moyo uliochoka, aliyeangushwa na kiharusi, wote wanaweza kuihitaji.

Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, ndani ya uwanja wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Leo kuna hospisi Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu na Mombasa, na hospitali kadhaa za kaunti na za misheni zina vitengo vya kazi hiyo. Sehemu kubwa ya huduma hutolewa mchana, kisha mgonjwa anarudi kwake. Wauguzi humfuata nyumbani, na jamaa hufundishwa kumgeuza kitandani, kumsafisha kidonda na kumpimia dawa. Kwa hivyo yule anayesema "mmempeleka akafie kwa wageni" hajui anachosema. Mara nyingi hospisi ndiyo inayomwezesha mzee kubaki kwenye kitanda chake, akisikia kuku wake wakiwika na wajukuu wakicheza uani.

Na sheria iko upande wa mgonjwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitaja tiba ya nafuu pamoja na kinga na tiba ya kuponya, kama sehemu ya haki ya afya ya kila mtu. Hii si sadaka anayoomba.

KAZI HII ILITOKA WAPI?

Wanaoiita hospisi kitu cha dunia hawajui historia ya kanisa. Jina lenyewe linatokana na nyumba ambazo Wakristo wa zamani walizifungua kwa wasafiri waliochoka, mahali pa kulala, kula na kufungwa vidonda njiani.

Aliyeanzisha hospisi ya kisasa ni mwanamke wa Uingereza, Cicely Saunders. Alikuwa muuguzi, akawa mfanyakazi wa huduma za jamii, kisha akasoma udaktari akiwa mtu mzima kwa sababu aliona wagonjwa wanaokaribia kufa wakipitwa na madaktari kama watu ambao hawana kazi nao tena. Alimpokea Kristo mwaka 1945, na imani hiyo ndiyo iliyomsukuma. Mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice kusini mwa London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nne: mwili, akili, jamaa na roho, na ukitibu upande mmoja tu hujamtibu. Alifariki mwaka 2005, katika hospisi ileile aliyoianzisha.

Sasa niambie: ni nani kati yetu amefanya zaidi kwa anayekufa? Huyo mama, au yule nabii aliyemwambia mgonjwa amwage chupa ya dawa madhabahuni?

"LAKINI MCHUNGAJI, SI TUNAMFUNGA MUNGU MIKONO?"

Mpendwa, fungua 2 Wafalme 13. Elisha, mtu aliyepokea sehemu maradufu ya roho ya Eliya, aliyemfufua mtoto wa Mshunami, aliugua ugonjwa uliomuua. Biblia haisemi alikosa imani. Haisemi palikuwa na dhambi iliyofichwa, wala laana ya ukoo. Aliugua, mfalme akaja akalia juu yake, akafa. Na ili ujue kwamba upako haukuwa umemwacha, endelea hadi mstari wa 21: mifupa yake ilimfufua maiti! Mtu anaweza kufa kwa ugonjwa akiwa na upako wote mifupani.

Nenda 2 Timotheo 4. Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, anaandika kwamba amemwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Hakumkemea. Hakumwambia Timotheo amwulize Trofimo amekosea wapi.

Soma pia Isaya 38. Hezekia aliongezewa miaka 15, na katika muujiza huohuo Isaya akaagiza bonge la tini liwekwe kwenye jipu. Maombi na dawa vikakaa kitanda kimoja na havikugombana. Mungu akitaka kumponya mtu wako, chupa ya mofini haitamzuia. Ugonjwa ukiondoka, vipimo vitaonyesha, na daktari atapunguza dawa polepole mpaka iishe. Hospisi haina mlango unaofungwa kwa nje. Wako watu waliopata nafuu wakarudi kwenye matibabu ya kawaida.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. La pili lilipata matibabu hayohayo pamoja na tiba ya nafuu tangu mapema. Wale wa kundi la pili waliishi kwa utulivu zaidi, huzuni yao ikapungua, na waliishi muda mrefu zaidi kwa karibu miezi mitatu, ingawa mwishoni walipewa tiba kali chache zaidi. Kwa hivyo anayesema kutafuta nafuu mapema ni kuharakisha kaburi, na alete ushahidi wake.

"MOFINI NI DAWA YA KUUA"

Huu uongo umewatesa watu wengi kuliko uongo mwingine wowote wa wodini. Hapa kwetu, mofini ya hospisi mara nyingi ni ya maji, ya kunywa. Inaanza kwa kipimo kidogo, inapandishwa polepole kulingana na maumivu, na hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Siku za kwanza inaweza kuleta usingizi na kichefuchefu. Hufunga choo pia, ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kulainisha choo pamoja nayo. Ikipimwa na mtaalamu na kutolewa kama alivyoagiza, haimuui mgonjwa. Hatari iko kwa anayejipimia, au anayempa mgonjwa dawa ya mtu mwingine.

Wala mgonjwa huyo hajawa mraibu. Mraibu hutafuta dawa ili aikimbie nyumba yake. Mgonjwa wa saratani hunywa dawa ili aweze kuketi na watu wa nyumba yake, ale vijiko vitatu vya uji, asikie jina lake likitajwa katika maombi na aitikie amina. Mwili wake utaizoea dawa, ndiyo, na kwa sababu hiyo usithubutu kumwambia aiache ghafla kwa sababu umeota ndoto. Maumivu yatarudi yote, na mwili utataabika kwa kuikosa.

Biblia inasemaje? Mithali 31:6 inaagiza kwamba anayekaribia kupotea apewe kileo. Ni mstari ambao sisi walokole tunauruka haraka. Haukuandikwa kutufungulia baa. Uko hapo kwa sababu Mungu anajua kuna maumivu ambayo hayapaswi kubebwa makavu.

Mwingine ataniambia, "Lakini Yesu alikataa mvinyo yenye manemane pale msalabani." Kweli, Marko 15:23. Yesu alikuwa anabeba dhambi za ulimwengu, na kikombe kile alikinywa chote kwa ajili yetu. Mama yako habebi dhambi za ulimwengu. Saratani yake haimkomboi mtu yeyote. Kazi hiyo imekwisha kufanywa! Kumwambia avumilie maumivu kwa sababu Yesu alivumilia ni kumtwika msalaba ambao tayari umebebwa.

"USIMWAMBIE, ATAKUFA KWA HOFU"

Hili ni la jamaa, na naligusa kwa upole, kwa sababu linatoka kwenye upendo. Daktari anaita watoto kando. Watoto wanakubaliana baba asiambiwe. Kuanzia siku hiyo kila anayeingia chumbani anaingia na tabasamu la uongo, na mzee, ambaye mwili ni wake na anausikia, anabaki peke yake na jambo analolijua.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji, sawa. Kwa siku zake za mwisho, muulize! Anataka kukaa wodini au nyumbani? Anataka kuwekwa kwenye mashine za kupumulia, au apumzike? Ni nani anataka kumwona? Ni nani anataka kumsamehe? Hezekia aliambiwa wazi atengeneze mambo ya nyumba yake. Yakobo alijua, akamwapisha Yusufu kuhusu mazishi yake, akawaita wanawe kumi na wawili akawabariki mmoja mmoja, kisha akainua miguu yake kitandani. Bwana wetu alipokuwa anakufa alimkabidhi mama yake kwa Yohana. Je, wangefanya hayo kama watu wa nyumbani wangewaficha?

Wahenga haohao walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni familia ngapi ziko kortini leo kwa sababu baba hakuambiwa, hakuandika wosia, na hati ya shamba haijulikani iko wapi? Mlimnyima nafasi ya kubariki, sasa mnagombana.

HARAMBEE YA MWISHO

Najua nagusa pabaya. Mkenya mwema akisikia mgonjwa, anatuma pesa. Mungu atubariki kwa hilo. Lakini kabla ya kuuza kipande cha shamba, kabla ya kuweka namba ya paybill mtandaoni ili mtu avushwe bahari kwenda India, mwulizeni daktari swali moja: matibabu haya yanalenga kumponya, kumwongezea siku, au kumpunguzia maumivu? Mwombeni ajibu kwa maneno ya kawaida. Mkitaka, ulizeni daktari wa pili, ni haki yenu. Ikiwa kuna nafasi ya kupona, changeni, nami nitachanga. Kama hakuna, msimpeleke mtu akafie ugenini, mbali na mkewe, ili tu kijiji kiseme watoto walijaribu. Mara nyingi pesa hizo zinatafutwa kutuliza hatia yetu, na mjane ndiye anayebaki bila shamba.

Na wewe unayemwambia mgonjwa wa namna hii apande mbegu ya uponyaji kwa pesa yake ya dawa, sina la kukuambia zaidi ya hili: soma Marko 12:40, uone Yesu aliwaambia nini wanaokula nyumba za wajane.

HOSPISI SI KUUA, WALA SI KUTELEKEZA

Mtu asinielewe vibaya. Kumchoma mgonjwa sindano ili afe ni kuua, Mungu anakataza na sheria ya Kenya inakataza. Hospisi haiharakishi kifo. Na kwa upande wa pili, wako watoto watakaosoma maneno haya na kufurahi: "Mchungaji amesema tuache matibabu, gharama imezidi." Sikusema hivyo! Kuchagua hospisi kunataka mikono mingi zaidi. Ni wewe utakayeamka saa nane usiku kumpa dawa. Ni wewe utakayemwosha. Kama unachotaka ni kupumzika kutoka kwa mzazi wako, usitumie jina la hospisi kuficha uchovu wako. Omba msaada, na kanisa likusaidie.

KANISA LIFANYE NINI?

Ukiwa na mgonjwa ambaye analazwa na kurudi kila mwezi, anayepungua mwili, ambaye daktari amesema dawa hazifanyi kazi tena, usingoje siku tatu za mwisho. Uliza hospitalini kuhusu tiba ya nafuu sasa. Beba ripoti zake zote na orodha ya dawa anazotumia. Amueni nyumbani ni nani mkuu wa kumtunza, na ni nani atakayeshika daftari la saa za dawa.

Na ninyi wa ushirika wa nyumbani, punguzeni kelele kitandani mwa mgonjwa. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno, wakafanya vyema. Walipofungua kinywa kuanza kutafuta dhambi yake, ndipo walipoharibu. Kina mama wapange zamu ya kulala pale, ili anayemtunza apate usingizi usiku mmoja. Vijana wenye boda boda wachukue dawa hospisi, mjukuu asikose shule kila wiki. Wazee walipe nauli ya muuguzi. Mtu afue shuka. Mwingine apeleke maziwa. Halafu ombeni, imbeni polepole, mshike mkono wake.

Katika Mathayo 25, Bwana hatatuuliza ni wagonjwa wangapi tuliwaponya. Kuponya ni kazi yake. Anataja kwamba alikuwa mgonjwa na watu wakaja kumtazama. Huo ndio mtihani, na kuna watu wenye karama za uponyaji watakaouanguka.

Rudi tena kwa Paulo pale gerezani, katika 2 Timotheo 4. Amesema waziwazi kwamba wakati wa kufariki kwake umefika, na kwamba ameilinda imani. Sasa tazama anachoomba mtu huyu mkuu wa imani. Anaomba joho lake aliloliacha kwa Karpo huko Troa, kwa sababu baridi inakuja. Anaomba vitabu vyake. Anamwomba Timotheo aje upesi, kabla ya majira ya baridi, na amlete Marko. Blanketi, kitabu na rafiki. Hakuna aliyemwambia Paulo amekosa imani kwa kuomba joho.

Kuna mshirika mwenzako leo anayehitaji joho, na sisi tunampelekea lawama.

TUOMBE: Baba, wafariji wanaougua usiku huu. Uwaponye unaotaka kuwaponya, na unaowaita nyumbani uwape njia isiyo na mateso. Wabariki wauguzi wa hospisi. Wasamehe wote waliozidisha maumivu ya watoto wako kwa jina lako, na uwafundishe kuketi kimya kando ya kitanda. Katika jina la Yesu, amina.

Leo sikuombi uandike amina hapa chini. Mpigie simu mgonjwa mmoja unayemjua, umwulize anahitaji nini, kisha umpelekee kabla ya Jumapili.

Mchungaji wenu katika Bwana.